Mashairi ya Safari na Ngoma Isiyoandikwa

Mashairi ya safari ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni yale yatungwayo na mtu mwenye kalamu, akiisha kurudi kwake na kutulia. Namna ya pili ni yale yazaliwayo njiani, kinywani mwa mtu mwenye mzigo begani au kamba mkononi, nayo huitikiwa na wenzake papo hapo. Watu wengi waliosoma hudhani kwamba ya kwanza ndiyo mashairi, na ya pili ni makelele ya kupoza uchovu tu. Katika makala haya twataka kueleza jinsi namna zote mbili zitungwavyo na ziimbwavyo, na kuonyesha ya kuwa zote mbili zategemea kitu kimoja kisichoonekana katika karatasi, yaani muziki utungwao papo kwa papo. Jambo hili si la kupitisha wakati. Wazee wazijuao nyimbo hizi wanapungua kila mwaka, na nyingine zimekwisha kuandikwa na watu wenye nia njema kwa namna ambayo maneno yamebaki, lakini wimbo wenyewe umetoka.

NYIMBO ZA NJIA KUU

Katika karne ya 19 njia kubwa ya misafara ilitoka pwani, Bagamoyo na Saadani, ikapita Ugogo hata Unyanyembe, palipo mji wa Tabora, na kutoka huko ikaendelea hata Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kwa vijana wao kwenda pwani na kurudi kulikuwa ni sifa ya uanaume. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani ratili 70 hivi. Mbele ya watu alikwenda kirangozi, na nyuma yake mstari mrefu wa wachukuzi, mmoja mmoja, kwa kuwa njia yenyewe ilikuwa nyembamba. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri njia hiyo tangu mwaka 1857 hata 1859, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 ya kwamba wapagazi walipitisha saa za njiani kwa kuimba, kupiga miluzi, kupiga ngoma na kuiga sauti za ndege na za wanyama.

Mgeni asikiapo mambo hayo husikia makelele. Ajuaye husikia mpango, nao mpango wenyewe ni huu. Kiongozi hutoa mstari mmoja, na wote huitikia kwa neno moja au mawili yasiyobadilika. Ili tusiwaibie watu wimbo wao, twatunga mfano wetu wenyewe:

Kiongozi: Naona mlima mbele!
Wote: Tutafika.
Kiongozi: Naona mto wa maji!
Wote: Tutafika.
Kiongozi: Naona moshi wa nyumba!
Wote: Tutafika.

Mwenye kuusoma mfano huu katika karatasi atasema kwamba ni maneno machache sana, tena yarudiwayo bila sababu. Lakini na atazame kazi ya kiitikio. Kwanza, wenzake wanapoitikia, kiongozi hupata nafasi ya kuvuta pumzi, kwa maana naye ana mzigo. Pili, muda ule wa kuitikia ndio muda wa kutunga. Wakati wote wanaposema "tutafika", macho ya kiongozi yako mbele yakitafuta jambo jipya: mti, kaburi, shamba la mtama, nyayo za mnyama. Tatu, kila mstari mpya ni habari kwa wale walio nyuma, wasioweza kuona kilichoko mbele. Mpagazi wa mwisho katika mstari wa watu mia mbili aliijua njia kwa masikio kabla ya kuiona kwa macho. Basi shairi hilo lilitungwa na safari yenyewe, na lisingeweza kutungwa kabla yake.

Na ngoma je? Njiani ngoma ya kwanza ilikuwa miguu. Hatua za watu wenye mizigo ndizo zilizopima urefu wa mstari, na njia ikipanda mlima mstari ulifupishwa, ikiteremka ulirefushwa. Walipokaribia kijiji baragumu ilipigwa na ngoma zikaanza, na wimbo ule ule uliokuwa wa taratibu ukawa wa mbio. Mpiga ngoma hakuwa na karatasi. Alisikiliza maneno ya kiongozi, akayajibu kwa mikono yake. Na kiongozi naye, akisikia ngoma imegeuka, aligeuza maneno. Ndiyo maana twasema kwamba ngoma ilikuwa nusu ya shairi, wala haikuwa pambo lake.

Tena katika nyimbo hizi mlikuwa na jambo ambalo halikuweza kusemwa kwa maneno matupu. Mpagazi asiyethubutu kumwambia mwenye msafara kwamba posho haitoshi aliweza kuliimba, na mwenye msafara akalisikia, asipate mtu wa kumshika, kwa kuwa walioitikia ni wote. Leroy Vail na Landeg White, katika kitabu chao cha mwaka 1991 juu ya mashairi yasemwayo kwa kinywa katika nchi za kusini mwa Afrika, wameeleza desturi hii vizuri: kwamba wimbo una ruhusa ambayo maneno ya kawaida hayana, na kwamba ruhusa hiyo ni ya wimbo wenyewe kuliko ya mwimbaji.

Kwa sababu hiyo nyimbo za njiani ni ushahidi. Katika vita ya mwaka 1914 hata 1918 watu wengi mno wa nchi hizi walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam, na la Kariokor huko Nairobi, latokana na jina la Kiingereza la jeshi hilo la wapagazi. Maofisa waliandika vitabu. Wapagazi, isipokuwa wachache, hawakuandika. Neno lao lilikuwa katika wimbo, na wimbo usipoulizwa hausemi.

NYIMBO ZA BAHARINI

Pwani desturi hii ina sura nyingine. Kwa mamia ya miaka majahazi yalifuata pepo mbili. Kaskazi, ivumayo kadiri ya Desemba hata Machi, iliyaleta kutoka Arabuni na Bara Hindi. Na Kusi, kadiri ya Aprili hata Septemba, iliyarudisha. Watu wa pwani huziita nyimbo za mambo ya bahari kimai, na nyimbo za kazi kwa jumla huitwa hodiya.

Hapa mpango wa kiongozi na waitikiaji ni ule ule, lakini kipimo chake ni kazi ya mikono. Mabaharia wanapotweka tanga huvuta henza kwa pamoja, na neno la kiitikio lazima liangukie pale mvuto unapoanguka. Likikawia, watu watavuta mmoja mmoja na tanga halitapanda. Kwa hiyo kiongozi wa wimbo chomboni hakuchaguliwa kwa uzuri wa sauti tu, bali kwa kuwa aliweza kuyaona mabega ya wenzake na kujua nguvu zao zimefika wapi. Wakichoka, aliweza kutia mstari wa mzaha juu ya mpishi au juu ya mke aliyeachwa bandarini, na kicheko kikarudisha nguvu. Mstari huo haukuwako jana, na kesho hautakuwako.

SHAIRI LILILOANDIKWA

Sasa tugeukie shairi la mwenye kalamu. Washairi wa pwani waliandika kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya shule zetu, na safari ilikuwa katika mambo waliyoyatungia: kuagana, kungoja upepo, hofu ya bahari, na hamu ya nyumbani. Kwa wale wasioizoea kanuni yao twatoa ubeti mmoja, nao pia ni wetu wenyewe:

Tuliondoka bandari, jua halijachomoza,
Tukaiacha bahari, na upepo wa kupoza,
Tumechoka na safari, mizigo yatulemeza,
Kwa heri nyumba, kwa heri, mbele njia yaongoza.

Kila mstari una mizani 16, nane kabla ya kituo cha katikati na nane baada yake. Vina vya kati ni -ri, na vya mwisho ni -za. Mwalimu na azingatie katika hesabu yake kwamba m ya neno mlima, isimamayo peke yake mbele ya konsonanti, ni silabi kamili, lakini mb ya neno mbele haigawanyiki. Wanafunzi wengi hukosea hapo, kisha hudhani kwamba kanuni ndiyo mbaya.

Lakini hata shairi hili lililopimwa sana si la kusomwa kwa macho tu. Shairi la Kiswahili huimbwa, na sauti ya kuliimbia huitwa mahadhi. Mahadhi hayaandikwi. Karatasi humpa mwimbaji mizani na vina, naye huchagua mahadhi yafaayo kwa siku ile na kwa watu wale. Hurefusha silabi hapa, hukatiza pumzi pale, na kurudia mstari uliowagusa wasikilizaji. Shairi la kuagana likiimbwa arusini na likiimbwa matangani ni maneno yale yale, lakini si wimbo ule ule. Zamani katika ngoma ya gungu watu waliimba tumbuizo pamoja na vyombo, na mwimbaji aliyejua kazi yake aliweza kuongeza mistari papo hapo. Mpaka kati ya kuandika na kutunga papo kwa papo, ambao sisi twauona kama ukuta, kwao ulikuwa mlango.

Hili linaonekana hata katika tarabu ya Unguja. Mpiga udi au kanuni, kabla ya maneno kuanza, aweza kupiga taksimu, yaani kutembea peke yake katika sauti za maqamu bila kufuata wimbo uliopangwa, mpaka masikio ya watu yawe tayari kuyapokea maneno. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri aliyezaliwa Fumba na kufariki mwaka 1950, alisafiri mwaka 1928 hata Bombay, mji uitwao sasa Mumbai, pamoja na wapiga vyombo wake, na nyimbo zao zikanaswa katika sahani za santuri. Kwa sahani hizo sauti yake ilifika mahali ambapo mwenyewe hakufika. Lakini uso mmoja wa sahani ya siku hizo ulichukua dakika tatu au nne tu. Wimbo ambao usiku, mbele ya watu, uliweza kurefushwa kadiri walivyotaka, ulipaswa kukatwa ili uenee. Kila chombo cha kuhifadhia, kiwe karatasi au sahani, huhifadhi sehemu na kuacha sehemu. Afadhali tujue ni sehemu gani iliyoachwa.

KILICHOHIFADHIWA NA KILICHOPOTEA

Hatuwezi kusema kwamba wamisionari na wataalamu hawakufanya kitu. Askofu Edward Steere alichapisha mashairi ya Kiswahili pamoja na hadithi zake mwaka 1870. Padre William Taylor wa C.M.S., akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, ambayo William Hichens aliyachapisha mwaka 1940. Mjerumani Carl Velten alitoa Safari za Wasuaheli mwaka 1901, na mwaka 1903 Desturi za Wasuaheli, ambamo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika habari nyingi za ngoma na za safari. Hugh Tracey alinasa nyimbo za Afrika Mashariki kwa mashine mwaka 1950 na 1952, na hazina ya sauti aliyoianzisha mwaka 1954 yatunzwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Tukivilinganisha vitabu hivi twaona jambo moja. Habari za safari zilizoandikwa kwa maneno ya kawaida, kama ile ya Salim bin Abakari aliyekwenda Urusi na Siberia, zimetufikia nzima. Twazisoma leo kama zilivyosomwa mwaka 1901. Lakini nyimbo zilizochapwa karibu na habari hizo zimetufikia nusu. Twayaona maneno, hatujui nani aliitikia, mara ngapi, kwa ngoma gani, wala mstari upi uliongezwa siku ile kwa sababu ya jambo lililotokea siku ile.

Na sisi wa Kanisa twapaswa kuyafikiri haya zaidi ya wengine, kwa kuwa Maandiko yetu wenyewe yana mashairi ya safari. Zaburi 15, tangu ya 120 hata ya 134, zina kichwa cha wimbo wa kupanda, na wafasiri wengi huona kwamba ziliimbwa na watu waliosafiri kwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Maneno yake tunayo. Sauti zake zimepotea. Hata hivyo ni nani asiyeona, katika Zaburi ya 136 iliyo karibu nazo, kiitikio kile kile kikirudi katika kila mstari, mara 26? Msomaji asiyezijua nyimbo za kuitikia huona marudio. Mpagazi wa Unyamwezi angelisikia pale kiongozi na watu wake.

Kuna madhara mengine yatokanayo na kutojua haya. Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na wimbo wa kigeni ukianguka kwa nguvu juu ya silabi ya mwisho, neno hugeuka kuwa geni masikioni. Katika lugha kama Kisukuma na Kinyamwezi, ambazo kupanda na kushuka kwa sauti hubagua maana, jambo ni zito zaidi: mahadhi ya kigeni yaweza kuliharibu neno lenyewe. Mwimbaji atungaye mahadhi papo hapo katika lugha ya mama yake hafanyi kosa hilo, kwa sababu sauti yake yafuata neno. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alitoa kitabu mwaka 1963 juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Nayo makanisa mengi tangu miaka hiyo yamezikubali ngoma na kayamba ibadani. Lakini mara nyingi ngoma zimeingia bila ile kazi ya kiongozi, na kwaya huimba kutoka karatasini neno kwa neno, ngoma ikifuata nyuma kama mtumishi.

NAMNA YA KUFANYA SHULENI

Twajua kwamba baadhi ya ndugu zetu wana shaka. Husema kwamba atungaye papo hapo aweza kutoa matusi, na kwamba nyimbo za mashindano zina maneno yasiyofaa mbele ya watoto. Ni kweli, ziko. Lakini mwalimu hutupa barua mbaya, hatupi kalamu. Na tuzichague nyimbo. Tusiiue kazi yenyewe. Kwa hiyo twatoa mashauri machache.

Kwanza, safari itangulie wimbo. Wanafunzi wapelekwe mtoni, sokoni, au kijiji cha pili, nao wakusanye majina: ya miti, ya vilima, ya vijito, katika lugha ya mahali pale. Shairi la safari lisilo na majina ni shairi la mtu aliyelala.

Pili, kiitikio kichaguliwe na wote kabla ya mstari wowote kutungwa, nacho kiwe kifupi, silabi nne au tano. Kisha kila mwanafunzi achukue zamu ya kuongoza, akitoa mstari mmoja tu wa mizani nane. Anayekwama aruhusiwe kurudia mstari wa mwenzake, kama wafanyavyo wazee, asichekwe.

Tatu, ngoma iingie baada ya maneno kuzoeleka, tena mpiga ngoma aambiwe kusikiliza kuliko kupiga. Mahali palipo na zeze au marimba vitumike hivyo, na fundi wa kijiji aalikwe. Yeye ndiye mwalimu siku hiyo.

Nne, kuandika kuje mwisho. Wimbo ukiisha kuimbwa mara mbili, maneno ya mara zote mbili yaandikwe, wala yasisawazishwe. Pale yanapotofautiana ndipo utungaji ulipo. Baada ya hapo wale wapendao watunge ubeti kamili wa mizani 16 juu ya safari ile ile, na kuuimba kwa mahadhi waliyoyachagua wenyewe.

Tano, wazee waulizwe. Siku hizi watu wengi wana simu ziwezazo kunasa sauti, chombo ambacho Steere na Velten hawakuwa nacho. Lakini sauti peke yake haitoshi. Pamoja nayo yaandikwe haya: jina la mwimbaji akikubali litajwe, mahali, siku, kazi au safari iliyokuwa na wimbo huo, nani huitikia, vyombo gani hupigwa, na maneno ambayo mzee mwenyewe asema huyabadili kila mara. Sauti zisizo na maana katika kamusi, kama "ee" na "hoya", ziandikwe vile vile, kwa maana ndizo zibebazo mwendo. Wala tusichukue wimbo wa mtu bila ruhusa yake. Aliyekataa ana haki yake.

Waliobeba mizigo ya vita ya kwanza wamekwisha kufa wote. Nyimbo zao, pale zilipobaki, ziko kwa wajukuu na vitukuu, nao wengi hawajui kwamba wanachokikumbuka ni kitu cha thamani, kwa sababu hakuna mtu wa shule aliyewauliza. Mwalimu yu karibu nao kuliko mtaalamu atokaye mbali: anaijua lugha, anaijua njia ya nyumbani kwao, na watoto wao wako darasani mwake. Likizo ijayo akiwapa wanafunzi kazi ya kumwuliza babu au bibi wimbo mmoja wa njiani, na kuuimba mbele ya wenzao pamoja na kiitikio chake, atakuwa ameokoa kitu ambacho kitabu peke yake hakiwezi kukiokoa.